Mkwara Haufui Dafu Meza Ikijaa

Katika poka ya Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu. Mwenye mkusanyiko bora wa karata tano anazoa fungu lote. Hakuna mwanzo mzuri kuliko ree mbili. Mbele ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote zile, ree hizo hushinda takriban mara 85 katika 100, iwapo wote wawili watabaki hadi mwisho. Wapinzani wakiwa watatu, zinashuka hadi 64. Wakiwa watano, hazifiki 50.

Wachezaji wengi huichukulia hesabu hii kama habari mbaya, nami naona wanaisoma nusunusu. Kwenye meza ya watu sita, mgawo wa haki wa kila mmoja ni kushinda mara 17 hivi katika 100. Mwenye ree anapata karibu mara tatu ya hapo, tena fedha zenyewe zimewekwa na watu wengi zaidi. Anayeumia meza ikijaa ni mwenye karata za wastani, ile jozi iliyotosha kumshinda mtu mmoja lakini haiwezi kuwavuka wanne.

Na zaidi ya huyo anaumia mpiga mkwara. Tuseme fungu lina dola 100, nawe huna kitu mkononi, unaweka dau la dola 100 ili uwatishe wenzako. Mkwara huo unajilipa iwapo utafaulu zaidi ya nusu ya mara zote. Kwa mpinzani anayejitoa mara 6 katika 10, ni biashara nzuri. Lakini wakiwa watatu, kila mmoja akijitoa kwa kiwango hichohicho, wote kujitoa pamoja hutokea kama mara 2 tu katika 10. Hapo unachoma fedha zako mwenyewe.

Upande wa pili wa meza nao unabadilika. Ukiwa peke yako mbele ya dau hilo, huna budi kulifuata karibu nusu ya mara zote, la sivyo mwenzako atakutisha kila siku. Mkiwa watatu mnagawana ulinzi: kila mmoja anaweza kujitoa karibu mara 8 katika 10, na bado mpiga mkwara asipate faida. Kwa hiyo dau linalowekwa mbele ya wengi liheshimu, na jozi dhaifu itupe bila kinyongo.

Hadi hapo ni suala la kiasi tu. Kuna badiliko jingine ambalo mimi naliona kuwa kiini chenyewe cha mambo, nalo linaonekana vizuri katika mkono mmoja wa poka ya madau yaliyopangwa. Karata nne zimefunuliwa, imebaki moja. Mchezaji wa kwanza ana jozi ya wafalme, naye ndiye anayeongoza. Wa pili ana kopa nne; akipata ya tano, ameshinda. Wa tatu ana jozi ya tisa, na karata nne tu ndizo zinazoweza kumwokoa. Karata zisizoonekana ni 42: tisa za wa pili, nne za wa tatu, 29 za wa kwanza. Fungu lina dola 600. Wa kwanza anaweka dau la dola 100, wa pili anafuata. Wa tatu afanye nini?

Ajitoe. Akifuata, anapoteza wastani wa dola 14. Mwandishi wa Marekani David Sklansky alifundisha kwamba kosa la mpinzani ni faida yako, na kwa watu wawili hivyo ndivyo ilivyo. Hapa sivyo. Mchezaji wa kwanza naye anapoteza dola 7 hivi, kwa sababu karata nne ambazo zingemwachia ushindi sasa zinampa mwenzake, na dola 100 zilizoongezwa hazifidii pengo hilo. Dola 21 zote zinakwenda kwa anayesubiri kopa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Aliyeonyesha jambo hili ni mchezaji Andy Morton. Katika mfano huu, hasara inamfikia anayeongoza kila fungu linapokuwa kati ya dola 525 na 750. Likiwa chini ya hapo, kosa la wa tatu linamfaa. Likizidi hapo, wa tatu hakosei kufuata.

Wataalamu wa hisabati walilijua mapema pengo hili kati ya mchezo wa wawili na mchezo wa wengi. Mwaka 1928 John von Neumann alithibitisha kwamba katika mchezo wa watu wawili, ambapo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, ipo mbinu inayokuwekea kiwango cha chini cha matokeo hata mpinzani afanye nini. John Nash, katika tasnifu yake ya Princeton ya mwaka 1950, alichambua poka iliyorahisishwa ya watu watatu. Mizani aliyoithibitisha, yaani hali ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadili mbinu yake peke yake, ipo kwa idadi yoyote ya wachezaji, lakini ile dhamana ya von Neumann haivuki wawili.

Kucheza bila dhamana hiyo ndiyo kazi waliyokabiliana nayo Noam Brown na Tuomas Sandholm walipoitengeneza Pluribus, programu ya poka ya watu sita iliyotangazwa mwaka 2019. Ilijifunza kwa siku nane kwa kucheza dhidi ya nakala zake, kisha ikaketi na wachezaji watano wa kulipwa kwa mikono 10,000, ikawashinda. Hakukuwa na uthibitisho kwamba mbinu yake haishindiki. Inapopima hatua inayofuata, Pluribus haimfungi mpinzani yeyote katika njia moja. Inampa kila mmoja njia nne: ya kawaida, ya kuelemea kujitoa, ya kuelemea kufuata, na ya kuelemea kupandisha dau, kisha inatafuta mchezo utakaostahimili zote.