KUEZEKA UPYA NYUMBA ILIYOEZULIWA NA UPEPO

Wanachama wa vyama vya msingi vya pwani na kusini hawahitaji kuelezwa dhoruba ni nini. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi na kuuharibu vibaya. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na mpaka wetu kikaingia Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia, na maji ya mvua zake yakaikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam huko Somanga, wilayani Kilwa. Hata hivyo vimbunga vyenye majina ni vichache. Nyumba nyingi za wanachama huezuliwa na dhoruba za kawaida, ambazo huvuma kwa dakika chache na hazitangazwi popote.

Msiba huu aghalabu huja wakati mbaya. Ifikapo Aprili na Mei, fedha za korosho za msimu uliopita zimekwisha kutumika, na za msimu ujao zingali mtini. Mwanachama asiye na paa, mwenye watoto na chakula kilicholowa, hushawishika kumwendea mnunuzi wa kangomba na kuuza korosho kabla ya mavuno kwa bei ya kutupa. Hivyo upepo wa usiku mmoja humla mkulima jasho la mwaka mzima, na chama chake hukosa mazao. Kwa sababu hiyo matengenezo ya paa si jambo la mwenye nyumba peke yake, bali lahusu ushirika pia.

KWA NINI PAA HUONDOKA

Watu wengi hudhani kwamba upepo hulisukuma paa mpaka likaanguka. Mara nyingi sivyo. Upepo upitao kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu. Wakati huohuo upepo uingiao chini ya upenu, au kwa mlango na dirisha lililofunguka, hulisukuma kutoka ndani. Bati ni jepesi; uzito wake hautoshi kulizuia. Kinacholishika paa ni viungo tu: bati kwa papi, papi kwa kenchi, kenchi kwa mtambaa wa panya, na mtambaa wa panya kwa ukuta. Kiungo kimoja kikiwa dhaifu, uimara wa vingine haufai kitu.

Basi kabla ya kununua hata msumari mmoja, mwenye nyumba na fundi wake watazame ni kiungo kipi kilichoachia. Mabaki yenyewe yatawaeleza:

(a) Ikiwa misumari imebaki katika papi na bati limeondoka likiwa na matundu yaliyochanika, basi bati lilikuwa jembamba au misumari ilikuwa michache.

(b) Ikiwa misumari imeng'oka pamoja na bati, basi ilikuwa mifupi na laini, au mbao zimeoza ama zimeliwa na mchwa.

(c) Ikiwa papi zimekwenda pamoja na mabati, basi papi zilishikwa na msumari mmoja mmoja tu juu ya kenchi.

(d) Ikiwa paa zima limenyanyuka na kutua uani, basi halikufungwa na ukuta.

Atakayeezeka upya bila kutazama haya atarudisha udhaifu uleule mahali pake.

SIKU ZA KWANZA

Kwanza ni usalama wa watu. Nyumba yenye umeme izimwe kwenye swichi kuu, na mtu yeyote asiguse waya ulioanguka wala bati lililoulalia, mpaka wahusika wa umeme wafike. Kuta za udongo na za matofali mabichi zilizolowa huweza kuanguka saa nyingi baada ya mvua kukoma. Familia isilale kando ya ukuta ulioinama au wenye ufa mpya. Mabati yaliyotawanyika yakusanywe mapema, kwa maana bati lililo wazi likirushwa na upepo wa pili hukata kama panga.

Pili ni mbegu, chakula na mazao. Vitu hivi vihamishwe penye paa zima, au viinuliwe juu ya mbao na kufunikwa turubai, na vianikwe jua litokapo. Korosho au nafaka iliyolowa isichanganywe na kavu.

Penye paa la zamani la saruji yenye asbesto, kama yalivyo baadhi ya majengo na maghala ya zamani, vipande visivunjwe, visikatwe kwa msumeno wala kufagiwa vikiwa vikavu. Vumbi lake huleta maradhi mabaya ya mapafu. Vilowanishwe kwa maji, viguswe kidogo iwezekanavyo, na halmashauri iulizwe mahali pa kuvifukia.

KAZI YENYEWE

Kazi huanzia chini kwenda juu. Mtambaa wa panya ufungwe na ukuta kwa waya mnene usioshika kutu au kwa utepe wa chuma. Katika ukuta wa matofali, waya upite chini ya safu kadhaa za matofali, ili uzito wa ukuta ulivute paa chini. Katika nyumba ya miti na udongo, waya ufungwe kwenye nguzo zilizochimbiwa ardhini, kwa kuwa udongo haushiki kitu. Kisha kila kenchi ifungwe na mtambaa wa panya, na kila papi na kenchi, kwa waya pamoja na misumari. Msumari uliopigwa wima hung'oka wima. Waya uliozungushwa mara mbili hauachii kwa urahisi.

Mbao zilizooza ziondolewe zote. Papi ziachane kiasi cha sentimita 90, na zikaribiane zaidi kwenye upenu na kwenye mgongo wa paa, maana huko ndiko upepo unakoanzia kuezua.

Anunuaye bati akumbuke kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko 28. Bati la zamani lisilooza laweza kutumika tena, lakini misumari isirudishwe katika matundu yaleyale. Matundu hayo yazibwe kwa lami na kitambaa, na mapya yatobolewe pengine.

Kuezeka kuanzie upande usioelekea upepo mkali wa mahali hapo, ili kila bati jipya lilalie la kwanza na ukingo wake usitazame upepo. Ubavuni bati lilalie jirani yake mgongo mmoja na nusu. Kwa urefu, la juu lilalie la chini sentimita 15 au zaidi, na zaidi ya hapo ikiwa paa halikuinama sana. Misumari yenye kofia ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe isipigwe bondeni mapitamo maji. Kwenye kingo zote za paa, mgongo mmoja upate msumari na unaofuata urukwe. Katikati ya paa yaweza kurukwa miwili. Msumari ukitokeza chini ya papi, ncha yake ikunjwe.

Upenu mrefu hupendeza na huukinga ukuta, lakini huukamata upepo; sentimita 45 zatosha penye dhoruba. Paa la baraza liwe mbali na paa la nyumba, ili baraza likienda lisiende na nyumba. Desturi ya kuweka mawe na magogo juu ya bati iachwe: hayazuii mvuto wa dhoruba kubwa, na yakiporomoka huua.

Paa la makuti nalo lafuata kanuni hiyohiyo. Kombamoyo zifungwe na nguzo, fito zifungwe na kombamoyo, na kamba zilizochakaa zibadilishwe zote, si zile zilizokatika tu.

KAZI YA CHAMA

Katibu aandike orodha ya wanachama walioezuliwa katika siku tatu za kwanza, ikionyesha jina, idadi ya mabati yaliyopotea na yanayofaa, mbao zinazohitajika, na idadi ya watu wa nyumba hiyo. Orodha isomwe mbele ya kamati na wanachama, ili wajane na wazee wasio na wa kuwasemea wasisahauliwe. Nakala iende ofisi ya kijiji, kwani wagawaji wa misaada huuliza orodha ya namna hiyo.

Chama kikinunua mabati, misumari na waya kwa pamoja hupata bei iliyo nafuu kuliko mwanachama mmoja mmoja, na gari moja hutosha. Mwanachama akikopeshwa vifaa, mkopo uandikwe na kutiwa saini, na makato ya msimu yakubaliwe mapema kwa kiasi kisichomwacha mikono mitupu siku ya malipo. Atakayepata mabati kwa njia hiyo hana haja ya kuuza korosho zilizo mtini.

Nguvu za mikono hazinunuliwi. Kikundi cha wanachama kumi na fundi mmoja chaweza kwenda nyumba kwa nyumba, kikianza na zenye watoto wachanga na wagonjwa. Na nyumba zilizosalimika zisiachwe: kabla ya mvua za msimu ujao, kila katibu awahimize wanachama kupanda ngazi, kukaza misumari iliyolegea na kufunga waya pale ambapo haukufungwa. Kikonyo cha waya na siku moja ya kazi ni gharama ndogo kuliko paa jipya.