Vipele Vikianguka, Kazi Ndiyo Inaanza

Kuanzia Juni hadi Agosti simu yangu haipumziki. Nahudumia matangi ya samaki wa mapambo hapa Dodoma, ya majumbani, ya hotelini na ya maofisini, na kipupwe ndicho kipindi kigumu kuliko vyote. Mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana wa Julai jua linawaka kama kawaida, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na tangi dogo la kioo lisilo na hita hupoa pamoja na nyumba. Samaki wa maji ya joto akipigwa na baridi, kinga yake hulegea. Siku chache baadaye mwenyewe ananipigia: "Dada, samaki wangu wameota chunusi."

Kila chunusi ina mdudu hai ndani yake. Ni kimelea cha seli moja, Ichthyophthirius multifiliis, kilichopewa jina hilo na Mfaransa Fouquet mwaka 1876. Ukikwangua utelezi kidogo ubavuni mwa samaki na kuuweka chini ya hadubini, unamwona waziwazi: wa mviringo, mwenye vinyweleo mwili mzima, anajiviringisha polepole bila kutulia, na ndani yake kiini kimejipinda kama mwezi mwandamo. Huwa namwita mwenye tangi aangalie mwenyewe. Akishakiona kitu kile kinazunguka, hatuvutani tena kuhusu dawa.

Maana tatizo kubwa liko hapo, kwenye dawa. Mdudu huyu hakai juu ya ngozi. Amejichimbia chini yake, na samaki mwenyewe ndiye anayemkinga. Hapo anakula na kunenepa hadi kukaribia milimita moja. Akishiba anatoboa, anaanguka chini, anajibandika kwenye kokoto, kwenye majani au ndani ya chujio, anajijengea ukuta na kuanza kujigawa. Mmoja anakuwa mamia, wakati mwingine hata elfu moja. Wale wadogo hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Dawa tunazotumia huwaua hao wanaoogelea. Aliye ndani ya ngozi hazimfikii, na aliye ndani ya ukuta wake hazimfikii.

Kuna mama mmoja wa mtaa wa Kisasa ambaye ninamheshimu sana, anafuga samaki wa dhahabu kwa ajili ya wajukuu. Nilimwachia dawa na maelekezo. Baada ya siku nne akanipigia kwa furaha: "Mwanangu, wamepona, ngozi safi kabisa, nimeshabadilisha maji yote." Nikamwambia, shikamoo mama, tafadhali rudisha dawa leo leo. Vipele vilikuwa vimeanguka kwa sababu wadudu walikuwa wameshiba na kushuka kwenye kokoto. Siku ile ngozi inapokuwa safi ndiyo siku tangi linapojaa watoto wao. Hapa ndipo samaki wengi wa mji huu wanapopotelea: mtu anaacha tiba siku ambayo tiba ilikuwa inaanza kupata wa kumuua.

Baridi nayo inadanganya. Maji yakiwa nyuzi 25, mdudu humaliza mzunguko wake ndani ya wiki moja au pungufu. Yakiwa nyuzi 15 anaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo tiba ya siku saba inayotosha Dar es Salaam haitoshi Dodoma mwezi wa Julai kama huna hita. Ndiyo maana kwanza nasisitiza joto. Pandisha taratibu, nyuzi moja au mbili kwa siku, hadi 28 au 30, na pampu ya hewa isizimwe kabisa, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Umeme ukikatika usiku, lifunike tangi kwa blanketi pande zote nne.

Chumvi ya jikoni inasaidia sana kwa wanaoivumilia. Gramu 2 hadi 3 kwa lita, yaani kijiko cha chai kisichojaa sana kwa kila lita mbili, iyeyushwe pembeni na kuingizwa kidogo kidogo kwa siku nzima. Kambale wadogo wa mapambo na mimea ya majini hawaipendi. Dawa ya malakaiti ya kijani ina nguvu, lakini isifike kamwe kwenye bwawa la sato wa kula. Nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa samaki wa chakula. Unapoongeza maji ya bomba, yaache yapumue usiku kucha kwanza. Klorini huunguza matamvua ambayo vimelea vimeshayachuna.

Matamvua ndiyo ninayoyaogopa. Samaki anaweza kufa bila kipele hata kimoja mwilini, kisa wadudu wote wako kule anakopumulia. Ukimwona anajikuna kwenye mawe, au anahema juu ya maji karibu na mapovu, usisubiri vipele. Na kama anahema hivyo lakini dawa ya vipele haimsaidii, huenda ni minyoo bapa ya matamvua, na hiyo ina dawa yake tofauti.

Upo ugonjwa mwingine unaotuhusu sisi wa nyanda za kati kuliko wengi wanavyojua. Kwenye madimbwi ya mvua ya bonde la Bahi na Mto Bubu wanaishi visamaki vya ajabu, Nothobranchius neumanni, vilivyoelezwa kitaalamu na Mjerumani Hilgendorf mwaka 1905. Huanguliwa mvua zikianza, hukua kwa wiki chache, hutaga na kufa dimbwi linapokauka, na mayai husubiri kwenye tope hadi masika mengine. Ulaya na Marekani wako wafugaji wanaowaenzi samaki wa jamii hii kwa rangi za madume. Na wote wanajua udhaifu wao mmoja: kimelea kinachowapaka kitu mfano wa unga wa dhahabu. Mchana huoni kitu. Zima taa, mmulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni, na ule unga unang'aa. Kimelea hicho hutumia pia mwanga kujitengenezea chakula, hivyo tunalifunika tangi gizani wakati wa tiba, na wafugaji huweka chumvi kidogo tangu mwanzo.

Karibu vyote hivi huingia kwa mkono wa mwenye tangi. Samaki mpya aliyetoka Dar kwa basi, ndani ya mfuko wa nailoni, akae peke yake kwenye ndoo yenye pampu wiki tatu, nne wakati wa kipupwe. Majani na konokono wa bwawa la Hombolo waacheni Hombolo. Konokono hubeba minyoo inayosubiri samaki, na majani yanaweza kuleta chawa wa samaki. Neti, ndoo na mpira wa kunyonyea maji vianikwe kila vikitoka kwenye tangi moja kwenda jingine. Hakuna hata kimoja kati ya vimelea nilivyovitaja kinachovumilia kukauka kabisa, na neti iliyotundikwa nje kwa jua na upepo wetu haichukui muda kukauka.