Kabla Mzee Hajaanza Kusahau

Muulize mtu yeyote dalili za kuchanganyikiwa uzeeni, atakutajia kusahau: mzee anauliza jambo lile lile mara nne, anapoteza funguo, hamkumbuki mjukuu. Ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi huanza hivyo, na kwa kuwa ndio unaojulikana zaidi, familia nyingi hukaa zikingoja usahaulifu. Upo ugonjwa mwingine, wa miili ya Lewy, ambao hauna haraka na kumbukumbu. Huo mara nyingi hutangulia usingizini.

Mke ndiye anayejua kwanza. Mume aliyelala kwa utulivu maisha yake yote anaanza kurusha ngumi na mateke usiku, anapiga kelele kama anayefukuzwa na mbwa, pengine anaanguka kitandani. Akiamshwa anasimulia ndoto aliyokuwa akipigana ndani yake. Kwa kawaida ubongo huilegeza misuli wakati wa ndoto ili mwili utulie. Kwake ulegezaji huo haufanyi kazi tena. Kuweweseka siku moja kwa sababu ya homa si hoja. Hoja ni mtu wa makamo au mzee kupigana na ndoto zake mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia watu 1,280 wenye tatizo hilo, ulikuta kwamba kila mwaka takriban asilimia 6 yao walipata Parkinson, ugonjwa huu wa Lewy, au mwingine wa ukoo huo. Usingizi unaweza kuharibika miaka kumi au zaidi kabla ya akili kuguswa. Kwa kawaida mke huhamia chumba cha watoto, na shauri likaishia hapo.

Jina linatokana na Friedrich Lewy, daktari Myahudi mzaliwa wa Berlin, ambaye mwaka 1912 alieleza chembe za ajabu alizoziona ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Baadaye aliukimbia utawala wa Hitler, akafia Marekani mwaka 1950. Leo inajulikana kwamba chembe hizo ni marundo ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Zikiwa kwenye shina la ubongo, mwili hukakamaa na kutetemeka. Zikitapakaa hadi tabaka la juu, fikra nazo huyumba.

Dalili inayozua maneno mtaani ni maono. Mgonjwa huona watoto wamekaa mkekani, paka anapita chini ya meza, mtu mfupi amesimama kando ya kabati, na atakueleza mpaka rangi ya nguo zake. Mara nyingi hao anaowaona hawasemi kitu, wala yeye hawaogopi. "Mbona hawa wageni hujawapa chai?" bibi anamuuliza mjukuu. "Wageni gani, bibi?" Mkeka mtupu. Kanzu iliyotundikwa nyuma ya mlango hugeuka mwanamume giza linapoanza kuingia. Wapo wanaojua fika kwamba wanachokiona hakipo, ndiyo maana hunyamaza, wasije wakaitwa wendawazimu. Inabidi waulizwe, tena kwa upole, kwani wenyewe hawatasema.

Sina ugomvi na anayemsomea mzazi wake dua. Ugomvi wangu ni na dua inayochukua nafasi ya daktari. Kutoka "ana majini" hadi "ni mchawi" ni hatua chache tu, na Kilifi na Shinyanga wamezikwa wazee waliouawa kwa tuhuma hizo.

Kisha kuna kupanda na kushuka. Jana babu alihesabu chenji ya duka bila kukosea hata shilingi. Leo ameduwaa kwenye kiti, akiitwa haitiki, hajui mlango wa choo uko wapi. Kesho amerudi kuwa yeye. Nyumbani watasema ana visa, anajifanya ili asitumwe. Hajifanyi. Kupwa na kujaa huko ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na siku ya kliniki mara nyingi huamka mchangamfu, akamjibu daktari kila swali. Mchukueni video kwa simu siku ile mbaya. Dakika moja ya video itamsaidia daktari kuliko maelezo yetu ya nusu saa.

Mwilini zipo ishara nyingine: hatua fupi za kuburuza, uso usioonyesha furaha wala hasira, kufunga choo, pua isiyosikia harufu ya samaki anayeungua, kizunguzungu cha kusimama kinachomwangusha. Kila moja peke yake ni jambo la kawaida kwa wazee. Zikikutana na maono au zile ngumi za usiku, ni habari nyingine. Mwenye Parkinson akichanganyikiwa baada ya miaka kadhaa ya kutetemeka, madaktari huita hali hiyo kwa jina tofauti. Akili ikiyumba kwanza, au ndani ya mwaka mmoja wa ukakamavu kuanza, husema ni Lewy.

Hata wenye uwezo wote hupotezwa njia. Mwigizaji Robin Williams aliambiwa Mei 2014 ana Parkinson. Kabla ya hapo alikuwa na wasiwasi mkali, usingizi mbaya, shida ya choo, na mistari ya filamu ilikuwa ikimtoka kichwani. Alifariki Agosti mwaka huo. Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua kwamba miili ya Lewy ilikuwa imetapakaa ubongo mzima.

Kwa nini tujisumbue kuutambua mapema ilhali hauponi? Kwa sababu ya sindano. Mzee anayeona watu na kupiga kelele akifikishwa hospitali usiku, ni rahisi achomwe haloperidoli au klopromazini ili atulie. Kwa mgonjwa wa Lewy dawa hizo zinaweza kumkakamaza mwili mzima, kumlaza kitandani asiamke tena alivyokuwa, hata kumuua. Muuguzi hana kosa kama hakuambiwa. Mwambieni mapema: anaona vitu, anapigana na ndoto, anakakamaa, tunahofia Lewy. Hata piritoni za dukani zinaweza kumvuruga zaidi. Na kama kuchanganyikiwa kumekuja ghafla, ndani ya siku mbili tatu, ombeni kwanza apimwe malaria, mkojo na sukari, maana huenda si Lewy kabisa.

Zipo dawa zinazosaidia, kama rivastigmini na donepezili. Kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza maono na kurudisha uchangamfu kwa muda. Mengine ni ya nyumbani. Godoro lishushwe chini, taa ndogo iachwe ikiwaka, kanzu ile itolewe mlangoni. Na bibi akiuliza kuhusu wageni, hakuna haja ya kubishana naye; mwambieni wameshakunywa chai, wameaga.