Nguvu Si Tatizo, Tatizo Ni Mwanya

Mwenye nyumba katika mitaa ya Minneapolis haogopi sana theluji inayoanguka. Anachoogopa ni greda la manispaa. Theluji ikitulia, greda hupita usiku kufungua barabara, na kila linapopita huacha tuta mdomoni mwa njia ya gari: theluji iliyoshindiliwa, imechanganyika na chumvi, mchanga na mabonge ya barafu. Kufika alfajiri tuta limeganda na koleo linadunda. Sheria ya jiji nayo haina huruma, kwani theluji ikishakoma, mwenye nyumba ana saa 24 tu awe amesafisha njia ya waendao kwa miguu mbele ya kwake. Kila msimu madaktari wa moyo huwaonya watu wazima kuhusu koleo, kwa sababu kazi ile hupandisha mapigo ya moyo ghafla wakati baridi inabana mishipa.

Ndiyo sababu gereji nyingi za huko zina mashine ya kurushia theluji. Mpya iliyo imara huanzia karibu dola 1,000 na kupanda. Kuukuu, iliyotengenezwa miaka ya 1970 au 1980, unaweza kuipata kwa bei ya jozi ya viatu vizuri, hasa tangazo likisema kwamba haiwaki. Kwa anayejua kushika spana, neno hilo ni habari njema.

Jamaa mmoja wa Mwanza analijua vizuri. Usiku huhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi inayofanywa na Waafrika Mashariki wengi huko Minnesota, na mwisho wa wiki hufufua mashine hizi katika gereji yake. Ujana wake aliumalizia kwenye injini za mitumbwi Ziwa Victoria. Nilimkuta ameisimamisha moja kifudifudi, mdomo chini na mpini juu, tangi la petroli likiwa limeshamwagwa, na bati la tumboni limefunguliwa.

"Wote wanaoniletea wanataka jambo moja," alisema bila kuinua kichwa. "Kaka, niwekee injini kubwa. Mimi nawaambia, hebu kwanza tuangalie kama hii uliyonayo inafanya kazi yake."

Nadhani ana haki, na makala hii iko upande wake.

Mashine yenyewe si ngumu kuielewa. Mbele kuna parafujo pana, iliyolala upande hadi upande ndani ya kasha, inayosukuma theluji kuelekea katikati kama ile iliyo ndani ya kinu cha kusagia nyama. Nyuma yake kuna feni ya chuma yenye mapanga matatu au manne. Feni inaipokea theluji na kuitupa juu kupitia bomba linalogeuzwa kulia au kushoto. Parafujo huenda polepole, feni huenda kasi, na injini moja huziendesha zote mbili kwa mkanda. Wazo la kukusanya kisha kurusha si la jana. Arthur Sicard, mkulima wa Quebec aliyezaliwa 1876, alilichukua kutoka kwenye mashine ya kupuria nafaka, akakamilisha lori lake la kurusha theluji mwaka 1925, na miaka miwili baadaye akauuzia mji wa Outremont, pale Montreal. Mashine za kusukuma kwa mkono nyumbani zilisambaa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Ariens ya Brillion, Wisconsin, ilianza kuuza zake mwaka 1960, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo.

Haiwaki, basi. Mara nyingi injini yenyewe haina ugonjwa. Petroli ya Marekani kwa kawaida huchanganywa na ethanoli, hadi asilimia 10, na mchanganyiko huo ukiachwa kwenye kabureta tangu Machi hadi Novemba hunyonya unyevu na kuacha utando wa kunata. Dalili yake fundi huitambua kwa sikio. Injini inawaka choki ikiwa imefungwa, inazima ukiifungua, au inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, haitulii. Inakosa petroli ya kutosha. Jamaa alifungua bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta, akaniwekea kiganjani. Ukiitazama haraka ni bolti ya kawaida. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona tundu ubavuni, na jingine jembamba zaidi ambalo macho ya umri wangu yalilikosa kabisa. Petroli yote ya injini hupita humo. Alichuna uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa taa, akaupitisha, akautoa ukiwa na ute wa kahawia. Akapuliza dawa ya kabureta mpaka ikatoka upande wa pili. Kazi hiyo aliifanya huku akisimulia habari za shemeji yake.

Kama kabureta imeoza, mpya ya kuigiza huuzwa kwa bei ndogo, na si vibaya kuibadilisha yote. Kumwaga petroli kabla ya kiangazi ni bora zaidi, lakini ushauri huo huja wakati umechelewa.

Kule tumboni, chini ya lile bati, ndiko kulikokuwa na kitu nilichokuja kukiona. Mashine nyingi za aina hii hazina giaboksi ya magurudumu kama ya gari. Zina sahani bapa ya alumini inayozungushwa na mkanda, na gurudumu dogo lenye pete ya raba linaloigusa sahani hiyo likiwa limesimama wima juu yake. Ukisogeza liva ya gia, unalihamisha gurudumu kwenye uso wa sahani. Karibu na katikati mashine inatambaa, na kadiri gurudumu linavyoelekea ukingoni mwendo unaongezeka. Likivuka katikati kwenda upande wa pili, mashine inarudi nyuma. Hakuna meno ya gia hapo, ni raba kugusana na chuma. Nimewahi kuona mambo mengi ya kijanja ndani ya injini, lakini machache yenye akili ya namna hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Udhaifu wake ni mmoja. Pete ikiisha, au tone la oili likiangukia sahani, raba inateleza na mashine inasimama mbele ya tuta huku injini ikinguruma. Hapo ndipo mwenye mashine anaposema nguvu zimeisha. Hazijaisha, zinapotea pale raba inapoteleza. Pete mpya ni dola 20 na kitu, sahani inafutwa kwa spiriti, na grisi inapakwa kwa uangalifu kwenye shafti tu, isikaribie raba.

Mdomoni mwa mashine kuna somo kinyume na hilo. Parafujo haikufungwa moja kwa moja kwenye shafti yake. Inazunguka nayo kwa sababu ya pini au bolti laini iliyopenya zote mbili. Pini hiyo imetengenezwa ivunjike. Parafujo ikimeza jiwe, kamba ya mbwa au gazeti la Jumapili lililofunikwa na theluji kwenye njia ya gari (magazeti ya Marekani hutupwa pale mlangoni, na sisi wa kalamu tunaomba radhi), pini inakatika, parafujo inasimama, na giaboksi ya katikati, yenye gia ya shaba nyeusi, inapona. Injini ndogo za zamani za boti zina pini ya aina hiyo hiyo kwenye pangaboi, kwa ajili ya miamba. Jamaa wa Mwanza hakuhitaji kufundishwa.

"Mtu pini yake imekatika mara mbili, anakasirika," alisema. "Anakwenda dukani ananunua bolti ngumu kuliko zote. Msimu unaofuata ananiletea giaboksi imepasuka kwenye ndoo."

Kuna njia nyingine ya kuiua giaboksi, ya kimyakimya zaidi. Chumvi na maji ya theluji huingia kati ya parafujo na shafti, kutu inaziunganisha, na pini hata ikikatika hakuna kinachoachia. Kwa hiyo kabla ya msimu jamaa huchomoa pini zote, husukuma grisi kwenye nipeli zake, kisha huishika parafujo kwa mikono na kuizungusha peke yake. Ikikataa, huanza kazi ya oili ya kupenyeza kutu, moto wa gesi na nyundo, na inaweza kumaliza wiki nzima.

Sasa twende kwenye mwanya uliompa jamaa yule sifa yake mtaani.

Kati ya ncha za mapanga ya feni na ukuta wa kasha lake kuna nafasi. Kwenye mashine nyingi za zamani ni kama milimita 6, na baadhi hukaribia sentimita moja. Kiwandani nafasi hiyo ina maana yake: kasha la bati haliwi duara kamili, na chuma kisikwangue chuma. Theluji kavu ya Januari, ile ya nyuzi 15 chini ya sifuri, haijali, inaruka vizuri tu. Lakini theluji ya Machi yenye maji, au lile tope la chumvi la tuta la greda, hubaki kwenye nafasi hiyo, huteleza kuzunguka kasha badala ya kurushwa, kisha huziba bomba. Unazima, unazibua, unawasha, unakwenda hatua tatu, limeziba tena.

Dawa ni vipande vya raba. Jamaa hutumia mkanda wa mashine ya kufungia nyasi kavu, uliokatwa na mkulima na kutupwa, kwa kuwa una nyuzi ndani na haunyumbuki ovyo. Wengine hukata ubavu wa tairi. Kwanza huchomoa waya wa plagi, kila mara, bila mjadala. Kisha hupima nafasi kwenye kila panga huku akiizungusha feni taratibu, kwa sababu kasha lina sehemu pana na sehemu nyembamba, na kingo za mahali bomba linapoanzia zinaweza kuinasa raba. Hutoboa matundu mawili kwenye kila panga. Raba huibana kwa kipande cha chuma bapa juu yake, bolti mbili na nati zisizolegea, ikijitokeza kiasi cha kuligusa kasha kidogo tu. Mapanga yote hupata vipande vya uzito sawa, la sivyo mashine itatetemeka mpaka bolti zianguke. Siku za mwanzo raba inatoa harufu ya kuungua. Baadaye inajichonga yenyewe kufuata kasha, na hapo ndipo inapofaa kweli.

Nilisimama kando ya njia ya gari nikaona matokeo kwenye tope la chumvi. Kilichokuwa kikidondoka miguuni kilivuka uzio, kizito, kwa mkupuo mmoja usiokatika. Injini ilikuwa ile ile.

Kubadilisha injini kuna wakati wake, sikatai. Injini za Tecumseh, zilizojaa kwenye mashine hizi kwa miongo mingi, ziliacha kutengenezwa mwishoni mwa 2008, na block ikipasuka hakuna la kufanya. Ila ujue unachoingia. Injini nyingi ndogo za kisasa zina shafti ya milimita 19, ilhali kubwa za zamani zilikuwa na ya milimita 25, hivyo puli nayo inabadilika. Baadhi ya injini kuukuu zilikuwa na shafti mbili, ya pili ikitoka kwenye kemshafti kwa nusu ya kasi ili kuendesha magurudumu. Injini ya shafti moja hapo haiingii bila kubuni puli upya. Na wanaochezea gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, ili ipite mizunguko yake 3,600 kwa dakika wanajitafutia chuma cha kuruka usoni.

Hatari kubwa zaidi iko mkononi. Mashine nyingi za zamani hazina kishikio kinachosimamisha parafujo ukikiachia. Hata injini ikizimwa, mkanda unaweza kubaki umevutwa, na feni iliyoziba ikiachiwa huruka robo mzunguko, inayotosha kukata vidole. Bomba huzibuliwa kwa fimbo. Jamaa amefunga moja kwenye mpini wa kila mashine inayotoka kwake, na hairuhusu kuondoka bila fimbo hiyo. Pia hawashi injini milango ya gereji ikiwa imefungwa, hata nje kukiwa na baridi ya kupasua midomo, maana sumu iliyo ndani ya moshi wake haina harufu ya kukuonya.

Wanaotaka kununua aliwashauri wangoje Aprili, theluji ikiyeyuka na watu wakitaka nafasi ya baiskeli. Nenda na spana mbili. Usidanganyike na rangi, wala na injini inayonguruma, maana injini ndiyo sehemu rahisi. Omba kuchomoa pini za parafujo, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka yenyewe, lipa bila kubishana bei. Muuzaji akikataa pini ziguswe, mwachie mashine yake.