Utengenezaji wa programu-jalizi za vyombo vya anga-nje

Programu-jalizi ya chombo cha anga-nje ni kifurushi cha faili kinachoongezwa kwenye kiigaji cha usafiri wa anga-nje ili kukipatia roketi, setilaiti au kituo ambacho hakikuwemo tangu mwanzo. Kiigaji ni programu ya kompyuta inayokokotoa mwendo wa vyombo kwa kufuata kanuni za Newton. Programu-jalizi huhesabiwa kuwa ya uhalisia pale chombo kinaporuka kwa masi, kani na mipaka ileile ya chombo cha kweli. Kufanana kwa rangi na umbo hakutoshi.

Kiigaji kinachotumika sana kwa kazi hii ni Orbiter, kilichoandikwa na Martin Schweiger wa University College London na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2000. Hakiuzwi, na tangu 2021 msimbo wake chanzo uko wazi. Dunia yake ina ukubwa wa kweli. Kerbal Space Program, mchezo unaojulikana zaidi, una sayari ya kubuni yenye nusukipenyo cha km 600 tu, hivyo obiti hufikiwa kwa kasi ya takriban km 2.3 kwa sekunde. Kuizunguka Dunia karibu na uso wake kunahitaji kasi zaidi ya mara tatu ya hiyo.

Mfano wa Uhuru

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mfano wa karibu ni setilaiti Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la Kiitalia la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei. Masi yake ilikuwa takriban kilo 141, na ilibebwa na roketi ya Kimarekani aina ya Scout yenye hatua nne, zote za fueli mango. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa hilo.

Mtengenezaji anayetaka kuiunda upya safari hiyo huanza na mahali. San Marco iko takriban nyuzi 2.9 kusini mwa ikweta, karibu usawa mmoja na Sengerema, mkoani Mwanza. Katika latitudo hiyo mzunguko wa Dunia humpa roketi anayeelekea mashariki takriban mita 464 kwa sekunde kabla hajawasha injini. Cape Canaveral, kwenye nyuzi 28.5 kaskazini, faida hiyo ni takriban mita 409. Tofauti ya mita 55 ni ndogo. Jambo kubwa ni mwinamo wa obiti. Uhuru ilizunguka kwa mwinamo wa nyuzi 3 hivi, na chombo kinachorushwa moja kwa moja hakiwezi kupata mwinamo mdogo kuliko latitudo ya mahali kilipoanzia. Kugeuza obiti kutoka nyuzi 28.5 hadi 3 kwenye kimo kile kungedai zaidi ya km 3.3 kwa sekunde za ziada, mzigo ambao roketi ndogo kama Scout haukuumudu.

Katika Orbiter mahali pa kurushia huandikwa kwa namba mbili, longitudo kwanza: 40.21 na -2.94. Anayesahau alama ya kutoa atalikuta jukwaa lake nchi kavu, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Anayebadilisha mpangilio wa namba atalikuta Hispania.

Masi na fueli

Badiliko la kasi ambalo chombo kinaweza kulifanya hupatikana kwa kuzidisha kasi ya gesi zinazotoka kwenye injini kwa logi asilia ya uwiano wa masi ya mwanzo na ya mwisho. Chukulia hatua ya roketi yenye kilo 100 bila fueli, kilo 200 za fueli, na gesi zinazotoka kwa mita 2,700 kwa sekunde. Uwiano ni 3, logi yake 1.0986, na jibu ni mita 2,966 kwa sekunde. Ikiwa masi kavu imeandikwa 150 kwa makosa, uwiano hushuka hadi 2.33 na jibu huwa mita 2,288. Kilo 50 zimekula mita 678. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuimaliza kwa kikokotoo kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, na ni afadhali afanye hivyo.

Kosa la kawaida hutokea kwenye vipimo. Vitabu vingi hutaja ufanisi wa injini kwa sekunde, kwa mfano 280. Orbiter hutaka mita kwa sekunde, yaani 280 mara 9.81, takriban 2,747. Anayeandika 280 atapata injini yenye msukumo uleule lakini inayokula fueli mara kumi kwa haraka, na roketi yake itakauka ingali kwenye angahewa.

Fueli mango ina tabia nyingine. Ikishawashwa haizimwi wala kupunguzwa. Huwaka hadi iishe. Injini ya kawaida ya kiigaji hutii mkono wa rubani, kwa hiyo mwandishi wa msimbo, kwa kawaida katika lugha ya C++, lazima amnyang'anye rubani uwezo huo. Programu-jalizi nyingi zenye picha za kupendeza huanguka hapa: rubani huzima hatua ya kwanza katikati ya safari, jambo ambalo wahandisi wa Malindi hawakuweza kulifanya.

Inesha ya mzunguko

Chombo pia huhitaji namba tatu zinazoonyesha ugumu wa kukizungusha katika kila mhimili. Orbiter huzitaka zikiwa zimegawanywa kwa masi, kwa mita za mraba. Scout ilikuwa na urefu wa takriban mita 23 na kipenyo cha mita 1 hivi. Ikichukuliwa kama mcheduara wenye masi iliyosambaa sawasawa, namba ya kuigeuza kichwa chini ni takriban 44, na ya kuisokota kwenye mhimili wake mrefu ni 0.125. Mvuvi wa Sengerema anaijua tofauti hiyo: mtumbwi mrefu huyumba upesi ubavu kwa ubavu, lakini kuugeuza hadi omo ielekee ilikokuwa tezi kunataka makasia mengi. Maji nayo huchangia, ila urefu ni sehemu ya sababu. Hatua ya nne ya Scout ilisokotwa kwa kasi ili isiyumbe, na namba zikikosewa hatua hiyo hupepesuka.

Mihimili ya Orbiter hufuata mkono wa kushoto, kinyume na inavyofundishwa shuleni. Anayehamisha hesabu zake bila kugeuza alama huona chombo kikizunguka upande usiotakiwa.

Majaribio

Chombo kilichokamilika hurushwa ndani ya kiigaji na kulinganishwa na kumbukumbu. Kwa Uhuru, obiti ifikie kimo cha kati ya km 520 na 570, kila mzunguko uchukue takriban dakika 96, na mwinamo uwe nyuzi 3. Matokeo yakitofautiana, hutafutwa kosa kwenye masi, msukumo au uelekeo wa kurusha. Kuongeza fueli kidogo kwa siri hadi namba zikubali ni njia fupi inayotumika mara nyingi, na huondoa thamani yote ya jaribio. Pale ambapo kipimo cha kweli hakikupatikana, watengenezaji waangalifu hutaja kwenye faili la maelezo kwamba namba hiyo ni makadirio, na jinsi walivyoipata.