Makumbusho na Utamaduni wa Jamii

Makumbusho ni mahali pa kuhifadhi na kuonyesha kazi na fikra za watu. Ukiulizwa yanavyowakilisha utamaduni, zingatia hoja tatu.

(i) Huhifadhi ujuzi. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania.

(ii) Huonyesha mabadiliko. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, alichora wanyama kwa rangi ya baiskeli. Leo mtindo huo unahesabiwa kuwa sanaa ya Kitanzania.

(iii) Huchagua. Si kila jamii huonekana. Makazi ya Katumba, Mpanda, yalianza kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Ngoma ya Kirundi huchezwa na kundi zima. Ikiwekwa kabatini, mtazamaji huona gogo na ngozi tu, hasikii mdundo.

Kidokezo: Watahiniwa wengi huishia hoja ya kwanza. Wewe toa mfano wa kwenu, kisha eleza nani ameonyeshwa na nani ameachwa.