Kamera ya gari haijasomea ng'ombe wa Bunda

Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani, awe Musoma au Bunda, huenda akaonyeshwa kamera moja au mbili ndani ya kioo cha mbele na kuombwa aongeze bei kwa ajili yake. Subaru iliingiza sokoni EyeSight, mfumo wa kamera mbili, mwaka 2008. Toyota ilileta Safety Sense mwaka 2015. Kwa vile magari ya umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, wanaoukwepa huangukia kwenye matoleo yenye kamera.

Kamera mbili huona kitu kimoja kutoka pembe zinazotofautiana kidogo, na tofauti hiyo ndiyo hutoa umbali. Kompyuta hulinganisha picha na picha, ijue kuwa bodaboda aliyekuwa kushoto ndiye huyo aliye mbele sasa, ana mwendo gani na atafika wapi. Hesabu ikionyesha mgongano, king'ora hulia, kisha breki hujishika.

Tatizo ni mafunzo. Mifumo hiyo ilitengenezwa kwanza kutambua magari, baiskeli na watembea kwa miguu. Barabara ya Bunda hadi Musoma, kupitia Kiabakari wilayani Butiama, ina ng'ombe wanaovuka. Kusini mwa Bunda, karibu na lango la Ndabaka, inapita ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti. Volvo, iliyoufundisha mfumo wake wanyama wakubwa wa misitu ya Sweden, iliripotiwa mwaka 2017 kukwama kwa kangaruu wa Australia. Mfumo ulipima umbali kwa kuangalia ardhi, hivyo mnyama akiwa hewani alionekana yuko mbali, akitua yuko karibu. Swala nao huruka.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye kioo. Jiwe likikipasua na fundi akabandika kingine, kamera lazima ipangwe upya kwa kompyuta na vibao vya vipimo. Ikipinda nyuzi 1 tu, kwa kitu kilicho mita 50 mbele inakosea kwa karibu sentimita 87, tofauti ya aliye barabarani na aliye pembeni.

Kabla ya kulipa, mnunuzi awashe gari na kutazama taa ya mfumo kwenye dashibodi. Isipozimika, bei ishuke. Ikizimika, bado aulize iwapo kioo ni cha kiwandani, na kama kilibadilishwa, nani aliipanga kamera.